Kiti cha Bwana na Ufa wa Mbololo

Siku niliyoagwa kazini nilipewa kiti. Karani mkuu alisoma karatasi ya shukrani yenye jina langu lililoandikwa vibaya, wenzangu wakapiga makofi, kisha nikakabidhiwa kiti cha kukunja kilichopakwa rangi ya kijani mbichi hata ikaniganda vidoleni. Nilikigeuza chini juu mbele ya watu wote. Kwenye bawaba ya kushoto, chini ya turubai, palikuwa na msumari uliopindwa, na msumari ule niliupinda mimi kwa mkono wangu. Vijana mnaobaki mliniuliza kwa nini nilitoka ofisini nimenuna kama mtu aliyetukanwa. Nilitukanwa. Nawaandikia ili mjue ni nani aliyenitukana, na kwa nini sehemu ya tusi lile nilistahili.

Habari za vyeo nitaziruka. Vyeo mtavikuta kwenye majalada, na mishahara hamtaikuta popote.

Nilishuka Voi kutoka Mbale, milimani kwetu, nikiwa na barua ya mwalimu wa misheni iliyosema najua kusoma, kuandika na kujumlisha. Idara yetu ya kupima ardhi siku hizo ilikuwa hema mbili na kibanda cha mabati nyuma ya stesheni. Aliyenipokea ni Fundi Athmani, mtu wa asili ya Mombasa aliyekaa Voi na jamaa zake karibu na msikiti. Alikuwa mwembamba, mpole, na nguo zake zote zilifungwa kwa kamba. Alinitazama toka juu hadi chini akasema, "Vua mkanda."

Nikajua napigwa. Nilikuwa sijamaliza hata saa moja kazini, na tayari nimekosa. Nilivua mkanda nikampa, nikageuka nikashika nguzo ya hema nikingoja. Nilipochungulia begani nikamwona Fundi Athmani amekaa chini anafuta machozi ya kicheko.

"Mwanangu, geuka," akaniambia. "Mimi sitaki mgongo wako, nataka hiyo bizimu ya mkanda. Ni chuma. Haya, na hicho kisu. Na huo ufunguo shingoni ni wa nini?"

"Wa sanduku langu."

"Basi sanduku lako litalala wazi. Hapa chuma hakipiti."

Ndivyo nilivyojifunza kazi. Dira mnazozijua hulala na kuonyesha kaskazini. Sindano yetu ilisimama wima ndani ya sanduku la shaba lenye kioo pande mbili, na kazi yake ilikuwa kuinama. Miamba iliyo chini ya ardhi haifanani: mmoja una chuma kingi ndani yake, mwingine kidogo, na sindano huinama zaidi au huinama kidogo kulingana na kilicho chini. Penye ufa, ambapo upande mmoja wa ardhi umeshuka na mwingine umebaki, miamba miwili tofauti hukaa bega kwa bega, na sindano ikivuka hapo huruka. Unapiga vigingi kila hatua thelathini kwa mstari mmoja ulionyooka. Kila kigingi unasoma mara tatu, unageuza sanduku, unasoma tatu nyingine. Ukimaliza mistari mitano unachora hesabu zako kwenye karatasi, unaunganisha pale sindano iliporuka katika kila mstari, na hapo unauona ufa ambao hakuna jicho lililowahi kuuona. Mimi mpaka leo sijauzoea ule utamu. Unatembea juu ya vumbi na miiba, jioni unaijua ardhi tumbo lake.

Ila sindano haina akili ya kujua chuma cha ardhini na chuma cha mfukoni. Kwa hiyo kila ukurasa wa daftari ulikuwa na mstari wa mwisho, na kuujaza ndiko kulikokuwa kazi yangu mimi. Kabla ya kipimo nilipekua watu wote waliokuwa karibu, kisha nikaandika: Chuma, hakuna. Nikatia sahihi. Mkumbuke mstari huo.

Kishushe ndiko kulikonitia adabu kwanza. Siku mbili kwa miguu, maji ya mgao, na tulipofika sindano ilishuka chini kabisa ikagoma kurudi. Wachukuzi walisema imekufa. Fundi Athmani hakuwa na haraka. Alihama hatua mia akasoma, akahama tena akasoma, mpaka jioni akatuambia kwamba kilima chote tulichokabiliana nacho uso kwa uso ni mawe ya chuma. Tulibeba jiwe moja mpaka kambini, zito kupita kiasi, na yule aliyelibeba hakutusamehe.

Kisha vita vikaja, reli ikajengwa haraka haraka kuelekea Taveta, na vita vilipokwisha tulipelekwa Mboghoni kupima ardhi ya mifereji. Huko tulipata ufa mzuri ajabu. Mistari mitatu, sindano inaruka pale pale. Nilikuwa nimeshanoa penseli kuuchora Fundi Athmani aliposema, "Ngoja. Kwanza tuulize ni nani kaleta chuma hapa." Tukachimba. Kwenye kina cha goti tukakuta vipande vya reli vilivyofukiwa na wanajeshi, vimepangwa kama kuni. Ufa wetu ulikuwa takataka za vita. Nilicheka sana siku ile, na nilijiona mjuzi. Nawaambia haya makusudi, ili baadaye asitokee mtu wa kunitetea kwamba sikuwa nimefundishwa.

Sasa Mbololo.

Ardhi ilitetemeka. Halikuwa tetemeko kubwa. Vyombo viligongana kabatini Voi, na ukuta wa tangi moja la maji ukapata mstari mwembamba. Idara ilikuwa inataka kujenga tangi kubwa chini ya milima ya Mbololo, penye chemchemi, na wakubwa wakataka kwanza kujua ufa unaotikisa ardhi umepita wapi. Tukaletewa mpimaji mgeni kutoka ng'ambo. Jina lake sitaliandika. Sisi tulimwita Bwana Kiti.

Alikuwa na goti bovu, naye alipima ameketi. Kila kigingi mchukuzi alitangulia na kile kiti cha kukunja, akakitandika, Bwana akaketi, akawekewa sindano mbele ya magoti. Kiti kilikuwa kimepakwa rangi ya mbao na kufunikwa turubai. Mchukuzi wake alilalamika kila siku kuwa kiti kinamvunja bega. Sisi tulimwambia ni mvivu.

Mistari yetu ilianzia uwandani, ikapita kwenye vijumba vilivyokuwa chini ya mlima, karibu na chemchemi, kisha ikapanda. Miji tisa ilikuwa pale, kila mji ua wa familia moja, watu wa mahindi na ndizi, na mstari wa tatu ulikata katikati ya ua wa mjane mmoja aitwaye Mama Mkamburi. Alikuwa amevaa mkufu wa chuma shingoni, kazi nyembamba ya mhunzi wa Kikamba, umefungwa moja kwa moja bila kishikizo.

"Uvue, mama," nikamwambia kwa Kidawida, lugha yetu ya nyumbani.

"Hii haivuliki. Mama yangu alinifunga siku naolewa. Wewe ni mtoto wa nani?"

Nilimwambia. Alimjua baba yangu, jambo ambalo halikunisaidia. Fundi Athmani akaninong'oneza, "Mwambie asogee tu, hatua ishirini. Mkufu huo hautikisi kitu."

Lakini Bwana Kiti alikuwa amesikia, naye ni mtu wa kanuni. Akiwa ameketi pale pale kwenye kiti chake alisema, "Kanuni iko moja. Hapana chuma. Kata."

Nilichukua koleo. Mama Mkamburi hakupiga kelele. Aliinamisha kichwa upande mmoja ili nisimkwaruze, na hicho ndicho kinachoniuma zaidi mpaka leo, kwamba alinirahisishia kazi. Mkufu ulikatika kwa kishindo kidogo. Aliuokota, akaufunga kwenye ncha ya kanga, akaingia ndani. Mimi nikaandika: Chuma, hakuna. Na jioni ile ile bawaba ya kiti ilipolegea, nikaitwa kuitengeneza pale pale uani, mama akitazama kutoka mlangoni. Nikaipenyeza msumari, nikaupinda kwa koleo lile lile. Nilikishika chuma kile kwa mikono miwili na bado hakikunijia akilini, kwa sababu kilikuwa cha Bwana.

Mlimani kiti hakikupanda. Pale mteremko ulipoanza Bwana alibaki chini kwenye kivuli, mimi na Fundi Athmani tukapanda na sindano peke yetu. Mnaona? Uwandani hesabu zote zilikuwa juu, mlimani zote zikashuka, na mruko ulikuwa katika mistari yote mitano pale pale, chini ya miji ile tisa. Ufa mzuri, mzuri kuliko wa Mboghoni. Bwana Kiti aliuchora kwa wino mwekundu. Hesabu za uwandani zilikuwa pia na vurugu nyingi, mara juu mara chini, naye akaandika pembeni kuwa ni makosa ya mkono. Mkono wa nani, hakusema. Ramani ikaenda kwa wakubwa, amri ikarudi: watu wa chini ya mlima wahamishwe kwenda uwandani, kwenye ardhi salama.

Tuligundua kwa bahati. Bwana Kiti alikwenda stesheni kuchukua barua zake, akatuachia vigingi vitatu vya uwandani turudie. Tulivirudia tumechuchumaa, kama siku zote kabla yake. Hesabu zilishuka mpaka zikawa sawa na za mlimani. Tukavirudia tena. Zile zile. Fundi Athmani alichoka, na kwa kuwa mwenye kiti hayupo, akasema, "Hebu kilete na mimi nikikalie, nione uzungu ulivyo."

Akaketi mbele ya sindano. Sindano ikainama.

Akasimama, ikarudi. Akaketi, ikainama. Alianza kucheka, kisha kicheko kikamkatikia. Akafunua turubai, akakwangua rangi ya mbao kwa ukucha, na chini yake ikang'aa chuma tupu, miguu, fremu, kila kitu. Alinitazama, wala hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Kwa siku mbili zilizobaki kabla Bwana hajarudi tulipima mistari yote upya, bila kiti. Chini ya nyumba hapakuwa na kitu. Sindano ilipita kimya kutoka uwandani hadi mlimani. Lakini hatua kama mia sita huko nje uwandani, mahali pale ambapo Bwana alipaita makosa ya mkono, iliruka mistari yote mitano. Ufa ulikuwako. Ulipita katikati ya ardhi salama waliyopimiwa wale watu wahamie.

Bwana Kiti aliporudi tulimpa daftari jipya. Alilisoma lote, hilo nitamshukuru. Kisha akalifunga.

"Nani sema nyinyi pima tena?"

"Bwana, kiti ni cha chuma," Fundi Athmani akamwambia.

"Kazi yako iko kusoma sindano. Hapana kusoma kiti."

Jamani! Mtu mwenye macho mawili na shule za ng'ambo! Nimekutana na wajinga wengi kazini, na mjinga husamehewa, lakini huyu alikuwa ameelewa. Nilimwona anaelewa. Alikitazama kile kiti muda mrefu, kisha akaketi juu yake.

Siku ya kusomwa amri alikuja ofisa mmoja wa serikali na karani wake. Watu wa miji tisa walikusanyika katika ua wa Mama Mkamburi. Kabla karatasi haijafunguliwa, Fundi Athmani alitoka mbele akiwa na sanduku la shaba, akaliweka juu ya kigingi, akaomba ruhusa aonyeshe jambo. Hakuniambia kuwa atafanya hivyo. Ofisa alikuwa mtu wa udadisi, akakubali.

"Mama," Fundi Athmani akamwita, "ule mkufu unao?"

Mama Mkamburi aliufungua kwenye kanga, akalisogelea lile sanduku la shaba, akaushika mkufu hatua moja kutoka kwenye kioo. Sindano haikutikisika. Ofisa mwenyewe aliinama kutazama. Kisha Fundi Athmani akakivuta kiti cha Bwana, aliyekuwa amesimama kando ya ofisa, akakiweka pale aliposimama mama, na sindano ikainama mbele ya watu wote kama mtu anayeamkia mkubwa wake.

Watu waliguna. Mama Mkamburi alitazama kiti, akatazama mkufu mkononi mwake. "Kwa hivyo hii yangu ilikatwa bure," akasema. Nikaitafsiri kwa sauti, kwa kuwa kutafsiri nako kulikuwa kazi yangu.

Nilidhani tumeshinda. Ofisa alikuwa ameona kwa macho yake. Alimwomba karani daftari la kwanza, lile lililokwenda na ramani, akapekua kurasa polepole, akaweka kidole.

"Hapa imeandikwa, Chuma, hakuna. Kila ukurasa. Hii sahihi ya nani?"

"Yangu, bwana. Mwakio."

"Uliandika kweli ama uongo?"

Nikisema "kweli," watu wanahama. Nikisema "uongo," ni kifungo. Fundi Athmani alinitazama, Mama Mkamburi alinitazama. Vijana, ningependa kuwaambia kwamba nilisema "uongo," nikafungwa. Nilisema, "Niliandika nilivyoona, bwana."

"Basi," akasema ofisa, akalifunga. "Sindano leo imeinama, nimeona. Lakini ramani imepigwa muhuri, na daftari hili limeshuhudia. Mimi nimetumwa kusoma amri."

Akaisoma. Nikaitafsiri, neno kwa neno, bila kukosea hata moja.

Fundi Athmani aliachishwa kazi wiki ile kwa kugusa mali ya mkubwa. Alifungua kibanda cha kutengeneza saa pale Voi, akafa bila idara kumwomba radhi. Bwana Kiti alirudi kwao na cheti. Miji tisa ilihamia uwandani. Tangi likajengwa penye chemchemi, juu ya mwamba ule ule uliodaiwa umepasuka, kwa kuwa wakubwa waliposhika maji mkononi walisahau mara moja kuogopa ufa. Limesimama mpaka leo, halina mstari hata mmoja. Na ardhi ilipotetemeka tena, ni huko uwandani kisima kilipokauka kwa asubuhi moja na kuta zikafunguka. Nilitumwa kwenda kupima kilichotokea. Mruko ulikuwa kwenye hatua mia sita, kama tulivyoandika kwenye daftari ambalo hakuna aliyelifungua.

Tangu hapo nilipima nikiwa na kikapu. Mnakijua, mlikipa majina yenu mkidhani sikusikia. Kila aliyekaribia sindano yangu aliacha chuma chake kikapuni, na nilianzia kwa mkubwa. Funguo, bastola, saa za mnyororo, meno ya bandia ya mhandisi mmoja. Nilikaripiwa mara nyingi kwa ukosefu wa adabu. Nilikuwa nimekwisha kuona adabu yangu iliwafikisha wapi watu.

Na mwisho wa yote wakanipa kiti kile. Kilikuwa stoo, idara haitupi kitu, mtu akakipaka rangi ya kijani na kukiita zawadi. Naamini kabisa hawakujua. Hilo ndilo lililonichoma kuliko kama wangefanya kwa ubaya: miji tisa ilihama kwa ajili ya kiti kile, na hakuna hata mmoja pale ofisini aliyekijua kwa sura.

Sikukipeleka nyumbani. Nilikibeba begani kutoka Voi hadi uwandani, na njia nzima nilimwomba radhi moyoni yule mchukuzi tuliyemwita mvivu. Mama Mkamburi yuko hai, mzee sana, haoni vizuri. Nilimkuta ndani ya ua, mitungi miwili kando yake, kwani maji huyateka kule kwenye chemchemi iliyokuwa yake, nje ya uzio wa tangi. Nilikiweka kiti mbele yake.

Alikipapasa. Miguu, turubai, bawaba, mpaka vidole vikafika kwenye msumari wangu uliopindwa.

"Ni kile kile," akasema.

"Ndiyo, mama."

Aliinamisha kichwa upande mmoja, vile vile kama siku ile, akiniachia shingo yake tupu niione.

"Umekuja na koleo tena?"